Makwapa ya Bi. Glenys na Lango la Klabu ya Tufe

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 14 CHA KAMATI YA WALOWEZI WANAOWAJIBIKA, PORT HADDLETON, KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 30 AGOSTI 2025 KATIKA UKUMBI WA NYUMA YA KANISA (NA BAADAYE MAHALI PENGINE, TAZAMA KUMB. NA. 6/14)

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Murray Thistlewood – Mwenyekiti (mwalimu mstaafu wa jiografia)
2. Bi. Glenys Orchiston – Mjumbe (chai na vitafunio)
3. Bi. Tamsin Loveridge – Mjumbe (mafunzo na hisia)
4. Bi. Raewyn Cutbush – Katibu

WAALIKWA
5. Bi. Mihiata Parekura – kutoka ukoo wa Ngāti Rerewai
6. Bibi Kararaina Parekura – nyanya yake Bi. Mihiata, miaka 91, kwa kiti cha magurudumu

UDHURU
7. Bw. Bevan Pickering – kondoo wake wanazaa

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4.04 asubuhi kwa kuitambua ardhi, yaani kukiri kwamba ni ya Wamaori tangu asili. Aliitambua ardhi, akautambua mto, akaitambua bahari, akawatambua ndege wa aina sita kwa majina yao. Kisha akakiri makosa ya babu yake, ya baba wa babu yake, na ya nahodha wa meli iliyomleta baba wa babu yake. Shughuli hiyo ilichukua dakika ishirini na mbili. Ilipofika dakika ya kumi na tisa, Bibi Kararaina alimwuliza mjukuu wake, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Kwani amekufa nani?"

Bi. Mihiata alimjibu kwamba hakuna aliyekufa, ni Wazungu wanafungua kikao.

Mwenyekiti aliwakaribisha wageni na kueleza kwamba hii ni mara ya kwanza kwa Wamaori kuhudhuria. Alifafanua kwamba kamati iliundwa ili Wazungu wa mji huu wasaidiane kuacha ubaguzi na kurudisha kilichochukuliwa, na kwamba kanuni yake ya kwanza ni kutowachosha Wamaori kwa maswali. Kanuni hiyo imefuatwa kikamilifu. Katika vikao kumi na vitatu hakuna Mmaori aliyewahi kuulizwa chochote.

Bi. Mihiata alishukuru, akasema wana ombi moja na muda ni mfupi. Bibi yake amelazwa hospitali tangu Juni, na daktari amempa ruhusa ya asubuhi hii moja. Saa nane mchana anatakiwa awe kitandani. Anataka kupelekwa kwenye chemchemi iliyo nyuma ya uwanja wa klabu ya tufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi. Ndipo wanawake wa ukoo wao walipokuwa wakiwaogesha watoto wachanga, naye mwenyewe aliogeshwa hapo mwaka 1934. Klabu ilijenga uzio na kufunga lango mwaka 1986. "Anataka kutia miguu majini," alisema. "Basi. Kabla hajafa."

Mwenyekiti alisema ombi hilo limemgusa sana na kwamba litajadiliwa chini ya Mengineyo, kwa kuwa mpangilio wa ajenda ulishaidhinishwa.

Kalamu ya Katibu ilianguka. Iliokotwa.

KUMB. NA. 2/14: MZUNGUKO WA HISIA
Bi. Tamsin aliomba kila mjumbe ataje kiwango cha usumbufu moyoni mwake, kuanzia moja hadi kumi. Mwenyekiti alitaja nane. Bi. Tamsin alitaja tisa. Bi. Glenys alisema moyo wake hauna neno ila nyonga inamuuma. Bi. Tamsin alimweleza kwamba nyonga haihesabiwi. Bi. Glenys alimwambia, "Subiri ufike sabini na mbili, mwanangu, utahesabu." Katibu alitaja nne, na aliongopa.

KUMB. NA. 3/14: YATOKANAYO – BARUA YA MWENYEKITI
Ilikumbushwa kwamba kikao cha 13 kiliazimia ukoo ualikwe chai na keki, na kwamba Mwenyekiti alijitolea kuandika barua mwenyewe kwa Kimaori, kwa msaada wa kamusi, bila kumsumbua mtu. Mwenyekiti aliuliza kama barua ilieleweka.

Bi. Mihiata alisema ilieleweka vizuri mno. Aliitoa mkobani na kueleza kwamba katika Kimaori kile kimstari kinachowekwa juu ya irabu huirefusha, na irabu ikirefuka neno linakuwa jingine. *Keke* ni keki. *Kēkē* ni kwapa. Mwenyekiti, kwa kuogopa kuonekana amedharau lugha ya watu, aliweka kimstari juu ya kila irabu aliyokutana nayo. Kwa hiyo ukoo wa Ngāti Rerewai ulialikwa rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa, kuja kuonja makwapa yaliyoandaliwa kwa mikono ya Bi. Glenys, yakiwa bado ya moto.

Bi. Glenys aliuliza, "Kwapa zangu mimi?"

Alijibiwa kwamba ni zake.

"Za moto?"

"Na zina siagi," alisema Bi. Mihiata.

Katibu alicheka kwa muda ambao hakuweza kuupima. Bi. Glenys alilazimika kushika meza. Hata Bi. Tamsin, ambaye alianza kwa kusema haifai kucheka, alitoa mlio puani na kugeukia ukutani.

Bi. Mihiata alieleza kwamba aliisoma barua hiyo kwa sauti wodini. Bibi yake alikuwa hajacheka tangu alazwe, wala chakula alikuwa hali. Siku hiyo alicheka mpaka mashine ikaanza kulia na nesi akaja mbio. Alipopata pumzi alisema, "Nipelekeni kwa hao watu wa makwapa." Jioni alikula sahani nzima.

Mwenyekiti, ambaye masikio yake yalikuwa mekundu, alisimama kuomba radhi. Alisema amejeruhi lugha, na alipendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza jeraha hilo. Bi. Mihiata alimkatiza: "Mwalimu, kaa chini. Ukiomba radhi kwa barua ile narudi nyumbani sasa hivi. Ndicho kitu kizuri pekee mlichotufanyia, na mmekifanya kwa bahati mbaya."

Mwenyekiti aliketi. Bibi Kararaina aliuliza makwapa yenyewe yako wapi. Bi. Glenys alileta skonzi za tende na jibini. Bibi alikula mbili, akauliza kama hii ni ya kulia au ya kushoto.

KUMB. NA. 4/14: TAMKO LA UWAJIBIKAJI, TOLEO LA TISA
Mwenyekiti aliwasilisha toleo la tisa. Tofauti yake na la nane ni kwamba "tunasikitika" limekuwa "tunahuzunika". Bi. Tamsin alisema kuhuzunika ni kujiweka mbele, akapendekeza kurudi kwenye "tunasikitika" la toleo la tatu. Mwenyekiti alisema toleo la tatu lilikuwa na "tunajutia". Katibu aliombwa apekue jalada. Katibu alipekua. Lilikuwa "tunasononeka".

Bi. Mihiata aliangalia saa ya ukutani, akaomba kuuliza swali. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hana wajibu wa kuwaelimisha. "Siwaelimishi, nawauliza," alisema. "Mna miezi kumi na minne mnaandika karatasi hii. Katika miezi hiyo, nani amekwenda klabu kuomba lango lifunguliwe?"

Wajumbe walichukua skonzi nyingine.

Bi. Mihiata alisema ukoo uliandika barua klabuni mwaka 1987, 1996 na 2009, na mara zote tatu jibu lilikuwa moja: suala lenu limepelekwa kwenye kamati. Alisema hakuja kuomba tamko. Wazungu wa klabu hawamsikilizi yeye, lakini watawasikiliza wenzao, na hao wenzao ndio hawa waliokaa hapa wanakula skonzi.

Bi. Tamsin alipendekeza wajumbe wasome kwanza kitabu kuhusu historia ya uzio. Mwenyekiti alipendekeza barua. "Kwa Kimaori?" aliuliza Bibi Kararaina, na kikao kikavurugika kwa dakika mbili.

Utulivu uliporejea, Bi. Mihiata alisema, "Mwalimu, ulinifundisha miaka minne. Mito yote ya Ulaya naijua kwa kichwa, naweza kukutajia hata usingizini. Hii chemchemi, mita mia tatu kutoka darasani, hukuwahi kuitaja hata siku moja."

Mwenyekiti alisema ni kweli. Alisema pia kwamba jina la marehemu baba yake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa klabu, na kwamba labda hilo nalo lina uhusiano. Bi. Glenys alisema yeye huwapikia klabu kila ufunguzi wa msimu, anapita mbele ya lango lile na masinia, na hajawahi kuuliza lina nini upande wa pili, kwa sababu alikuwa anajua.

Katibu aliendelea kuandika kwa kasi ingawa wakati huo hakukuwa na mtu aliyekuwa anasema.

Bibi Kararaina ndiye aliyeliona hilo. Aliuliza, "Yule anaandika nini?"

KUMB. NA. 5/14: UFUNGUO
Katibu aliomba jambo liingizwe kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti alimwuliza kama si ajenda mpya. Katibu alisema, "Murray, nyamaza."

Katibu alieleza kwamba, kama wajumbe wanavyojua, Rais wa klabu ya tufe ni mume wake, Bw. Neville Cutbush. Wasichojua ni kwamba ufunguo wa lango lile uko nyumbani kwao, jikoni, kwenye msumari karibu na kalenda, umefungwa utepe wa bluu. Umekuwa hapo tangu Neville achaguliwe, miaka kumi na mmoja sasa. Kila asubuhi Katibu akichukua kikombe cha chai mkono unaugusa.

Aliulizwa kwa nini hakusema katika vikao kumi na vitatu. Katibu alieleza kwamba alikuwa na sababu nyingi za kitaalamu, lakini ya kweli ni moja: ni rahisi kuandika tamko kuliko kumwambia Neville jambo asilotaka kusikia halafu ukalala naye nyumba moja. Amekuwa akija hapa kujikosha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Katibu kilikuwa msumarini, amekitundika na kukipangusa vumbi.

Bi. Mihiata hakucheka. Aliuliza, "Juni, Bibi alipolazwa, ufunguo ulikuwa hapo?"

Katibu alisema ndiyo.

"Na ulijua tunauhitaji?"

Katibu alisema ndiyo. Aliona aibu ya kweli, siyo ile ya mzunguko wa hisia, na akaanza kulia juu ya daftari, kwa hiyo mistari miwili hapa haisomeki. Bi. Tamsin alisema ni vyema tukae na hisia hii pamoja.

Bibi Kararaina alisema, "Hapana, msikae. Mimi nina mpaka saa nane. Mwambieni alie huku anatembea."

KUMB. NA. 6/14: SIMU, NA KUHAMISHWA KWA KIKAO
Katibu alivuka barabara hadi nyumbani kwake na kurudi na ufunguo baada ya dakika nne. Kisha alimpigia simu Bw. Neville, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Bw. Neville alikuwa uwanjani anashindilia nyasi kwa gurudumu zito la chuma.

"Nev, tunakuja kufungua lango la nyuma. Bibi Kararaina anataka kwenda kwenye maji."

"Lango lipi?"

"Unalijua lipi."

"Rae, ufunguzi ni Jumamosi ijayo! Nyasi hizi nazilea tangu Mei. Mvua imenyesha wiki nzima. Mkipita na kiti kile mtanichimbia mitaro."

"Njia ni hiyo moja, Nev. Pembeni kuna ua na mfereji."

"Peleka kwenye kamati. Tutakaa Oktoba."

Katibu alisema, "Oktoba hatakuwepo." Alisema haombi, anaarifu. Hakuwahi kumwambia hivyo katika miaka thelathini na minane ya ndoa, na alisikia hofu na kitu kingine kilichofanana sana na furaha.

Bw. Neville alisema, "Hakuna anayekanyaga nyasi zile bila viatu bapa. Ni sheria ya klabu."

Bibi Kararaina aliuinamia mdomo wa simu. "Mimi sikanyagi," alisema. "Mimi nimekaa."

Iliazimiwa, bila kura, kikao kihamie uwanjani. Bi. Tamsin aliuliza kama utaratibu unaruhusu. Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, alisema hajui na hajali.

KUMB. NA. 7/14: UWANJANI
Wajumbe walifika saa 6.20. Bw. Neville alikuwa amesimama ukingoni mwa nyasi amenyoosha mikono kama golikipa. Alipomwona Bibi Kararaina alivua kofia, maana Bibi ndiye aliyeendesha basi la shule kwa miaka ishirini na moja, na aliwahi kumteremsha njiani.

"Neville Cutbush," alisema Bibi. "Bado unatemea wenzio mate?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Pisha."

Bw. Neville alisema hapishi. Alisema anaheshimu, lakini klabu si mali yake peke yake, na wanachama watamla nyama. Bi. Glenys alimjibu kwamba wanachama wakimla nyama, Jumamosi wajipikie. Ilitajwa kwamba klabu ina wanachama arobaini na tatu, na anayejua kuwasha lile jiko ni Bi. Glenys peke yake.

Wakati hayo yakijadiliwa Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusukuma kiti. Wajumbe, kwa kukosa viatu bapa, walivua viatu kwa heshima ya sheria ya klabu na kumfuata kwa soksi. Maji ya mvua kwenye nyasi yalikuwa baridi ajabu. Soksi za Bi. Tamsin hazikufanana. Ya Mwenyekiti ilitoa dole gumba. Mwenyekiti alisukuma kwenda kulia, akarekebisha kwenda kushoto, akazidisha, gurudumu likazama, akavuta, na akaacha nyuma yake alama iliyopinda kama njia ya mlevi. Bibi Kararaina alikuwa anacheka na kupiga mikono ya kiti: "Chapa mwendo, Mwalimu, chapa mwendo!"

Hilo Bw. Neville hakuliweza. "Toka hapo!" alipiga kelele. "Toka, unaniharibia zaidi! Hivi hamjui hata kusukuma?" Alikuja mbio, akamwondoa Mwenyekiti kwa bega, akakishika kiti mwenyewe, akakiinua gurudumu na kukipeleka mbele taratibu, katikati kabisa ya uwanja, kwa mstari ulionyooka, huku akinung'unika. Katibu ameishi na mtu huyu muda mrefu na anamjua: hakushawishika na haki, alishindwa kutazama kazi mbaya. Kwa leo ilitosha.

Langoni Katibu alitoa ufunguo. Uliingia. Ulikataa kuzunguka. Katibu alijaribu, Mwenyekiti alijaribu, Bw. Neville alijaribu na mafuta. Kufuli lilikuwa limeoza ndani zamani. Ufunguo ule ambao Katibu aliuficha vikao kumi na vitatu haukuwa unafungua kitu chochote. Katibu alikaa chini kwenye majani yenye maji na kucheka mpaka mbavu zikamuuma, na Bi. Mihiata, ambaye tangu ukumbini hakuwa amemtazama, alimtazama, akatikisa kichwa, naye akaanza kucheka.

"Cha kuchekea nini?" alisema Bw. Neville. Alikwenda stoo, akarudi na mkasi wa kukatia chuma, akalikata kufuli.

Bi. Mihiata aliingia kwanza, akaita kwa Kimaori, sauti ndefu, na Bibi akamjibu kutoka kwenye kiti. Mwenyekiti aliuliza kama kamati inapaswa kuingia, au kurudi nyuma, au kutoa neno. Bi. Mihiata alisema, "Simameni hapo hapo. Mnyamaze."

Chemchemi ni ndogo, haifiki ukubwa wa meza ya ukumbini, na imejaa magugu. Bi. Mihiata alimvua Bibi soksi za hospitali na kumshusha miguu. Bibi Kararaina alipiga ukelele uliowarusha bata. "Baridi hiyo!" alisema. "Mama yangu, baridi hiyo!" Alicheka, akalia, akachota maji akajipaka usoni na shingoni, akamwita mama yake kwa jina, na bibi yake kwa jina, na wengine ambao Katibu hakuwajua na hana ruhusa ya kuwaandika.

Kamati ilinyamaza dakika kumi na tisa. Haijawahi kutokea.

KUMB. NA. 8/14: MENGINEYO NA KUFUNGA
Saa 7.15 Bi. Mihiata alisema inabidi warudi wodini. Bw. Neville, ambaye mabuti yake yalikuwa yamejaa tope, aliuliza sasa lango alifunge na kufuli gani. Mwenyekiti alisema suala hilo linaweza kupigiwa kura. Bi. Mihiata alisema, "Kura ya nini, Mwalimu? Chemchemi si yenu." Mwenyekiti alifikiri, akasema hapana, si yetu, na akauliza kama yupo mwenye spana. Bw. Neville aling'oa bawaba zote mbili. Lango liliegemezwa kwenye ua.

Bw. Neville alimrudisha Bibi juu ya nyasi kwa kufuata alama zile zile, ili zisiwe nne. Walipofika ukingoni alizitazama nyuma yake, mistari miwili mirefu imekata uwanja kati kwa kati, siku saba kabla ya ufunguzi. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeomba tu kuthibitishiwa, "Ilikuwa ya leo tu, Bibi, si ndiyo?"

Bibi Kararaina alikuwa anafuta miguu kwa kofia ya Bw. Neville.

"Daktari nitaongea naye mwenyewe," alisema. "Kesho saa nne uje unichukue. Na keshokutwa. Hizo nyasi zitazoea."

Kikao kilifungwa saa 7.31 mchana, wajumbe wakiwa bado bila viatu.

Tumezisoma, hatukufuta kitu, tumetia sahihi:

M. Thistlewood, Mwenyekiti ……………………

R. Cutbush, Katibu ……………………